Prudencia Aomba Kushtakiwa

Prudencia Kokushubira alizaliwa Kamachumu, kwenye migomba na kahawa, akaja Mwanza kwa meli akiwa msichana, kumsaidia dada yake kulea. Dada alihamia Dar, yeye akabaki. Akaolewa na fundi rangi ambaye baadaye alikwenda Geita kutafuta dhahabu na hakurudi. Mambo hayo yote aliyasimulia kwa ufupi, na ukimuuliza sana anabadilisha mazungumzo. Alichopenda kusimulia kwa kirefu, huku akijipigapiga paja, ni mwezi ule aliomsubiri mzee wa watu afe, na mzee akazidi kunenepa.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti. Zamani kilikuwa cha umma, na wafanyakazi wakongwe walikiri kwamba enzi hizo mikutano ilikuwa mingi kuliko biskuti. Miaka ya tisini mambo yakafunguliwa, kiwanda kikauzwa, tajiri mpya akapaka ukuta rangi ya bluu, akanunua mashine ya kufungia pakiti, na akaamini kwamba kila mfanyakazi ni mwizi. Hapo ndipo ulipozaliwa upekuzi wa getini. Jioni, kabla ya kutoka, wanaume walikaguliwa na mlinzi, haraka haraka, maana mlinzi naye alitaka kwenda kwake. Wanawake walikaguliwa na msimamizi wa kitengo cha kufungasha, Bwana Mayala, ambaye kazi hiyo aliiomba mwenyewe, bila nyongeza ya mshahara. Mtu anayeomba kazi ya bure, mwangalie mikono.

Mayala alipekua kwa bidii. Alitafuta biskuti mahali ambapo hata mwehu asingeficha biskuti, kwani zingevunjika zote. Mwanamke akilalamika, aliambiwa ana kitu anakificha. Akinyamaza, anapekuliwa vilevile kesho. Wasichana wapya walitoka pale wanalia, na wakongwe wakawafunga kanga vizuri na kuwaambia wazoee. Neno hilo, kuzoea, lilimchoma Prudencia kuliko mikono yenyewe.

Jumamosi moja zamu yake ilipofika, hakusogea. Alikuwa na sauti ya kwaya, ile ya kusikika hadi nje ya kanisa, na aliitumia yote.

"Mayala, biskuti hazikai huko unakotafuta. Unatushikashika wanawake, na wewe unajua, na sisi tunajua."

Mstari mzima ukacheka. Mayala akarekebisha kola ya shati. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne na kozi fulani juu yake, na siku hiyo aliona elimu yake imepata kazi. Akatamka kwa Kiingereza, taratibu, kwamba hiyo ni defamation, na kwamba atamshtaki kwa defamation. Halafu, kwa faida ya wengine, akashuka hadi kwenye Kiswahili.

"Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Usimame hapa hapa getini, mbele ya watu wote, uniombe radhi na useme ulisema uongo. La sivyo kazi huna, na mahakamani utakwenda."

Jumatatu lile neno lilikuwa limeshaenea kiwanda kizima. Mmoja alisema difamesheni ikikushika inachukua hadi vyombo vya ndani. Mwingine alisema ni gereza ambalo humo ndani mnaongea Kiingereza tu, ukikosea hupewi ugali. Yupo aliyeapa kwamba shemeji yake ilimpata akiwa Nairobi akapoteza meno. Prudencia alisikiliza yote na akaogopa yote, maana hakuwa na namna ya kujua lipi la kweli. Lakini alichokiogopa zaidi ni kile kingine. Siku atakayosimama getini na kusema nilisema uongo, mikono ya Mayala itakuwa imepewa kibali cha maisha, kwake na kwa kila msichana atakayeajiriwa.

Akaona kwanza alijue neno lenyewe. Adui usiyemjua jina utampigaje?

Miaka ile Kiingereza kiliingia Mwanza pamoja na mitumba na soda za kopo, na kila mwenye ubao na chaki alifungua darasa. Prudencia alijiunga na la Mwalimu Privatus Byabato, kwenye ukumbi wa parokia, jioni baada ya kazi. Byabato, Mhaya mwenzake, alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kupindukia, ila chote alikipatia mahakamani. Hakujua nyanya inaitwaje. Alijua mshtakiwa, dhamana, kielelezo na rufaa.

Wanafunzi wake walikuja kutafuta Kiingereza cha biashara wakapewa hicho hicho. Rebeka, aliyekaanga samaki ufukweni, alikuwa akimkaribisha kila Mzungu kwa kumuuliza kama anakiri kosa au anakana. Wazungu walicheka, wakanunua. Nestory, Mnyamwezi wa Tabora aliyekuwa fundi baiskeli, alimwambia mteja wake wa Kihindi kwamba shauri la baiskeli yake limeahirishwa hadi tarehe nyingine, na Mhindi akamheshimu tangu siku hiyo. Wote waliamini kwa moyo mweupe kwamba wanaongea kama watu wa Ulaya.

Prudencia alipolitaja neno lake, Mwalimu Byabato alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Nani amekufundisha neno hilo, mama?"

"Nimetishiwa nalo, Mwalimu."

"Basi umetishiwa na neno zuri," akasema Byabato, na kwa kweli uso ulimng'aa kama wa mtu aliyeletewa mgeni kutoka kwao. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa. Defamation, akaeleza, ni maneno ya uongo yanayomshushia mtu heshima mbele za watu. Ukiyaandika yanaitwa libel. Ukiyasema kwa mdomo ni slander. Ukiyasema kwa nia mbaya, ile nia yenyewe ni malice. Darasa likaimba yote kwa pamoja. Rebeka aliipenda sana slander, akasema lingefaa kuwa jina la mtoto wa kike.

"Na kama si uongo?" akauliza Prudencia.

"Kama ni kweli, kesi inakufa. Lakini kweli unayoijua peke yako, mama, mahakamani ni sawa na ndoto. Utaulizwa witness yuko wapi. Shahidi."

Mashahidi Prudencia alikuwa nao wa kujaza lori, na alikuwa ameshawauliza. Wote waliangalia viatu vyao. Suzana, rafiki yake waliyefungasha naye meza moja, alimwambia waziwazi, "Dada Pru, mimi nina watoto. Nitakuombea." Prudencia hakumlaumu.

Byabato alipoona ameinamisha kichwa, akajaribu kumpa moyo kwa neno jingine. Kuna mahali, akasema, mtu akizungumza, hata neno zito namna gani, hashtakiki. Bungeni ni mojawapo. Mahakamani ni pengine. Kinga hiyo inaitwa privilege. Kwa bahati mbaya, hapakuwa na mtu wa kumpeleka Prudencia bungeni.

Nestory akanyoosha mkono.

"Mwalimu, umesahau msibani."

"Msibani?"

"Mtani akiwa msibani. Anamtukana marehemu, anawaambia wafiwa walivyo wachoyo, analala kaburini hatoki mpaka apewe kitu. Nani amewahi kumshtaki mtani? Ukimkasirikia mtani ni wewe unayetozwa faini."

 Byabato aliwahi kumwona kwa macho yake hakimu mzima, mtu wa kuogopwa wilaya nzima, akiambiwa na mtani makaburini kwamba ana kichwa cha kiboko, na hakimu akacheka na kutoa mbuzi. Mtu hawezi kubisha na alichokiona. Akachukua chaki akaandika Bunge, akaandika Mahakama, na chini ya hizo mbili: Msiba. Nadhani hakuna ubao mwingine duniani uliowahi kuwa na orodha ile.

"Huyo Mayala ni Msukuma," Nestory akaendelea, akimgeukia Prudencia. "Sisi na wao tunataniana tangu mababu. Nipatie msiba wa kwao, dada, na hayo mengine niachie mimi."

Basi mtu mwema, anayekwenda kanisani kila Jumapili, akaanza kuulizia wagonjwa.

Hakuhangaika sana. Suzana ndiye aliyemwambia, bila kujua anaulizwa kwa nini, kwamba baba yake Mayala yuko Misungwi na hali yake mbaya, mzee anahesabiwa siku. Prudencia alimsikitikia, akajisikia vibaya kwa kufurahi, akafurahi hivyo hivyo. Jumapili iliyofuata akapanda basi kwenda kujionea.

Mzee Shimba alikuwa amelala kwenye nyumba kubwa ya bati, amekonda, macho yameingia ndani. Watoto wake wote walikuwa mjini. Mayala alimtumia sukari kwa basi na salamu kwa yeyote anayepita. Jirani mmoja alimletea ugali mara moja kwa siku, akauweka mezani akaondoka. Sasa, unaweza kumsubiri mtu afe, lakini huendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Prudencia hakulelewa hivyo. Alikwenda na ndizi na unga wa ulezi, akampikia uji, akafagia chumba, akamgeuza godoro. Mzee akanywa uji wote, akaomba mwingine.

Wenzake wa darasani nao wakaona ni haki wamfahamu mgonjwa wao. Rebeka alipeleka supu ya sato. Nestory alikwenda kumkagua mtani wake mtarajiwa, akakuta kitanda kinalia, akakitengeneza. Mwalimu Byabato alipeleka gazeti, akamsomea habari za kesi kubwa kubwa za Dar na kumweleza nani atashinda. Ugonjwa wa mzee, wakagundua wakiwa wamechelewa, kwa sehemu kubwa ulikuwa njaa na upweke. Alianza kuketi. Kisha akaanza kutembea hadi zizini na kuwagombeza ng'ombe. Mashavu yakarudi.

Darasani hali ikawa ya huzuni. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia na mgonjwa hana dalili. Mwalimu Byabato alilalamika kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajaona upande wa mashtaka ukimlisha mshtakiwa. Rebeka akapendekeza wapunguze supu. Prudencia akakataa kabisa, akasema mzee anaipenda, na akashangaa mwenyewe kuona amekasirika.

Safari iliyofuata alimkuta Mzee Shimba nje, amekaa kwenye kiti chake cha uvivu, anamsubiri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Keti. Nataka kukuuliza jambo, na usinidanganye, mimi ni mgonjwa."

"Uliza, babu."

"Ninyi ni akina nani? Si ndugu zangu, si wa kanisani kwangu, si wa chama. Nilifikiri mnataka shamba, lakini hakuna aliyeuliza mipaka. Mnataka nini?"

Prudencia angeweza kusema ni watu wa huruma tu. Alifungua mdomo aseme hivyo, likatoka lingine.

"Tunasubiri ufe, babu."

Mzee akaweka kikombe chini. "Nife?"

"Ndiyo. Tunahitaji msiba wako. Mwanao Mayala ana jambo lake ambalo nimekatazwa kulisema, nikilisema nashtakiwa. Yuko mtani anayeweza kulisema, lakini anataka msiba." Na hapo akaanza kulia, kwa aibu tupu, kwa sababu likisemwa kwa sauti jambo hilo lilikuwa baya kuliko lilivyokuwa kichwani.

Mzee Shimba alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba, akainama, macho yakamtoka pima, na Prudencia akaruka akampiga mgongoni huku akimwomba Mungu kwa Kihaya na Kiswahili asimchukue. Hapo ndipo alipojua kwamba hataki tena mzee huyu afe, na kwamba mpango umeharibika kabisa.

"Ngoja nikwambie," mzee akasema alipopata pumzi. "Nimezika watu wengi. Mtani anasimama anasema maneno ambayo mtu angelipa ng'ombe ayasikie, na marehemu kalala pale hasikii hata moja. Nimejiuliza siku zote ni akili gani hiyo. Mimi nataka kuusikia wangu. Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nitamwagiza Mayala alete watu."

"Babu, acha basi nikwambie hilo jambo lenyewe."

"Usiniambie. Nitalisikia msibani kama wengine."

Mayala alipopata ujumbe kwamba baba anataka kuagana na watu, aliona ni nafasi ya kujionyesha. Akaomba lori la kiwanda, na akawaamuru wanawake wote wa kitengo chake wapande, waende wakapike. Hakuna aliyethubutu kuuliza kama ni kazi au ni nini. Suzana alikwenda na mwiko wake mkubwa.

Ulikuwa msiba wenye kila kitu. Majamvi yalitandikwa, ng'ombe alichinjwa, na shimo lilichimbwa mahali alipopachagua mzee mwenyewe, penye upepo. Kando ya shimo alikaa yeye, kavaa suti ya harusi yake, kofia mkononi. Watu waliotoka mbali hawakujua washike lipi. Wapo waliokuja na rambirambi wakamkabidhi marehemu mkononi, naye akashukuru. Vikongwe wawili walipoanza kuomboleza kwa sauti ndogo, aliwaambia kama hawana nguvu wapishe wengine.

Kisha Nestory akajitupa shimoni, akalala chali, akatangaza kwamba hatoki. Kazi yake aliijua. Alimwambia Mzee Shimba kwamba ni mchoyo wa kupindukia, hata kufa anawanyima watu. Aliwaambia watoto wake wa mjini kwamba wanamjua baba yao kwa picha. Watu wakavunjika mbavu, na aliyecheka kuliko wote ni marehemu. Prudencia, aliyekuwa jikoni kati ya masufuria, aliacha kukoroga. Akaona Nestory anakaa kitako, anamnyoshea Mayala kidole.

"Na huyu, watani wangu Wasukuma, huyu ni mtu wa ajabu. Mnajua anachokifanya mjini? Kila jioni anatafuta biskuti kwenye nguo za wanawake. Kila jioni, na hajapata hata moja, wala hachoki. Mzee Shimba, huyu hukumfundisha kwamba biskuti zinatoka dukani?"

Uwanja mzima ukalipuka. Wazee walifuta machozi. Wanawake wa kiwandani walicheka pia, kwa kitambo, vichwa vimeinama. Na Mayala akacheka. Alicheka kwa sauti, akapiga makofi, akaagiza jogoo aletwe, akamkabidhi Nestory mkononi na kumvuta kutoka shimoni wakiwa wameshikana mabega. Alionekana amepumua, kama mtu aliyetoka kuungama. Alipopita karibu na jikoni alimwangalia Prudencia, akatabasamu, akasema kwa sauti ya chini, "Utani huo, mama. Kesho getini."

Prudencia akaona kosa lao lote mara moja. Kweli ni kwamba mtani hashtakiki. Na sababu ya kutoshtakiwa ni kwamba hakuna anayemwamini. Walikuwa wamelichukua jambo lake, wakalivisha kofia ya mchezo, watu wakalicheka, likaisha, na aliyelipwa ni Nestory, jogoo mmoja. Hasira ilimpanda kutoka miguuni. Akaacha sufuria, akatembea hadi pale kwenye shimo, na mikono yake ina majivu.

"Mzee Shimba, mimi si mtani wenu," akasema. Ile sauti ikafika hadi zizini. "Mimi ni Mhaya wa Kamachumu, na sitanii. Mwanao anatushikashika wanawake getini kila jioni. Ananishika mimi. Ananishika hapa na hapa. Hatafuti biskuti. Hakuna biskuti."

Kicheko kikakatika. Kuku wa Nestory ndiye pekee aliyeendelea kupiga kelele.

"Baba, hiyo ni defamation," akasema Mayala, na safari hii sauti yake haikuwa na utulivu.

Mzee Shimba hakumtazama. Alimtazama Prudencia.

"Anasema atakushtaki. Unajua?"

"Najua, babu. Nimesema kwa mdomo, kwa hiyo ni slander. Akitaka iwe libel anipe karatasi, niandike."

Nyuma, upande wa majiko, kitu kilianguka. Suzana alikuwa ameuachia mwiko. "Hata mimi," akasema, kwa sauti ambayo ilibidi watu wanyamaze waisikie. "Hata mimi ananishika. Tangu nimeajiriwa." Halafu msichana mmoja mpya, ambaye jina lake wengi hawakulijua, akasema hata yeye. Halafu mwanamke mtu mzima aliyekuwa akiwafundisha wengine kuzoea akajifunika uso kwa kanga na kusema hata yeye. Hawakupanga. Yalitoka hivyo, moja moja, na kila lilipotoka moja Mayala alionekana kupungua ndani ya shati lake.

Mzee Shimba alimgeukia mwanawe.

"Mtani amesema, ukacheka. Hawa wanasema jambo lile lile, mbona hucheki?"

Mayala akarekebisha kola ya shati. Mzee akavaa kofia yake.

"Fukieni hilo shimo," akasema. "Kumbe nina mtoto sijamaliza kumlea."

Ungefikiri mambo yaliishia hapo, lakini aibu ya Jumapili huweza kupoa usiku mmoja. Mayala alipokuwa anapanda lori aliapa kwamba atawashtaki wote, mmoja mmoja, wasidhani. Ndiyo maana Jumatatu asubuhi Prudencia hakuvaa sare ya kazi. Alivaa kitenge chake kizuri, akafunga kilemba, akabeba chakula cha mchana endapo kesi itachelewa, akagonga mlango wa ofisi ya Mayala, ule unaotazama barabara.

"Nimekuja kushtakiwa," akasema.

"Nenda kazini, mama."

"Siendi. Mwezi umeisha, radhi sikuomba, na nimesema tena mbele ya baba yako. Nimesoma Kiingereza chote cha kesi hii. Nishtaki."

Nyuma yake akasimama Suzana. Nyuma ya Suzana yule msichana mpya, na nyuma yake kitengo chote cha kufungasha, wamenyooka kwenye mstari. Sasa, watu wa Mwanza walikuwa wametoka juzi tu kwenye miaka ya sukari ya foleni na sabuni ya foleni, na mwili wa mtu aliyepita miaka ile ukiona mstari unajiunga kwanza, maswali baadaye. Mama aliyekuwa anakwenda sokoni akajiunga. Mstaafu mmoja wa reli akajiunga, akamtuma mwenzake akalete mfuko. Foleni ikapita ukuta wa bluu, ikakunja kona.

"Kinatolewa nini?" watu wa nyuma wakauliza.

"Tunashtakiwa," wakajibiwa.

"Kwa kosa gani?"

Na hapo ilibidi waelezwe. Jambo la getini likasafiri mkiani, mdomo kwa mdomo, likaeleweka, na watu wengi walipoelewa hawakutoka. Yule mstaafu alisema ana mabinti watatu, kwa hiyo naye ashtakiwe. Mwalimu Byabato alifika amevaa tai, akatembea kando ya foleni akirekebisha matamshi.

Tajiri alipowasili na gari lake alidhani umati umekuja kununua biskuti, akafurahi. Akamuuliza wa kwanza, Prudencia akamwambia. Akamuuliza wa pili, Suzana akamwambia. Hakuuliza wa tatu. Nisimsifu bure, haki haikuwa jambo lililomkosesha usingizi. Lakini alisikia kwa masikio yake mwili wa foleni ukijadili biskuti zake huwa zinatafutwa wapi, na kama mtu anaweza kuzila baada ya hapo, na rangi ikamtoka. Akaingia ofisini kwa Mayala, akafunga mlango. Kilichosemwa humo hakuna aliyekisikia. Mayala alitoka kabla ya saa sita, begi mkononi, na hakumshtaki mtu.

Foleni ilichukua muda kutawanyika, wengine wakinung'unika kwamba wamepoteza asubuhi bure. Prudencia alifanya kazi yake kama kawaida, na kitenge chake kizuri, unga wa biskuti ukikimwagikia.

Jioni geti lilikuwa wazi. Mlinzi alikaa kwenye kigoda chake, anapunga mkono, nendeni, nendeni. Wanawake wakapita, wengine wakikimbia kidogo. Prudencia alipofika pale miguu yake ikasimama yenyewe, na mikono yake ikapanda juu, imenyooka pembeni, kama ilivyozoeshwa miaka yote ile. Akaiona iko juu. Hakuwa ameiagiza. Hakuna aliyemjia, na yeye hakuweza kuishusha, akabaki amesimama hivyo getini, machozi yanamtoka, hadi Suzana aliporudi nyuma akamshusha mkono mmoja, kisha wa pili, wakatoka.